Podikasti kwenda kwenye televisheni: meza, makala, katuni au tamthilia?

Mwezi uliopita, ndani ya wiki moja, makundi mawili yaliniuliza swali moja. La kwanza ni vijana watatu wa Moshi wenye podikasti ya wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, au wagumu, kama wenyewe wanavyoitana. La pili ni dada wawili wa Arusha wanaosimulia historia ya mji wao, mtaa kwa mtaa. Mimi ni mhariri wa sauti, na podikasti zote mbili zimepita mikononi mwangu. Walichotaka kujua ni hiki: kazi hii tukiipeleka kwenye televisheni, tuipeleke kwa umbo gani?

Kila kundi lilikuja na jibu lake tayari. Vijana wa Moshi walitaka makala ya matukio halisi, kwa kuwa mlima unapendeza kwenye picha. Dada wa Arusha walitaka tamthilia, kwa kuwa tamthilia ndizo zinazokusanya watu sebuleni jioni. Niliwaambia wabadilishane. Walicheka, wakadhani natania, lakini nilimaanisha, na sababu zangu nazieleza hapa kwa yeyote mwenye podikasti anayekuna kichwa kama wao.

Kwanza jiulize sauti inaficha nini

Sehemu ya tatu ya podikasti ya wagumu ilirekodiwa kwa simu ndani ya hema kwenye kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600. Mgumu mmoja anasimulia usiku ambao mwenzake alishushwa kwa machela. Unasikia zipu ya hema ikifungwa, unasikia upepo ukipiga turubai, halafu jamaa anakaa kimya sekunde sita kabla ya kutaja jina la mwenzake. Sekunde hizo sikuzikata. Watu wengi waliotuma ujumbe baada ya kuisikiliza walizitaja hizo hizo.

Baadaye vijana walimwita mezani ili arudie kisa chake mbele ya kamera. Waliweka taa ya duara, kitambaa cheusi nyuma, soda mbele yake. Kisa kilichochukua dakika kumi na moja ndani ya hema kikamalizika kwa dakika nne. Macho yalikuwa kwenye taa muda wote. Kitu pekee kilichokuwa hai pale mezani ni mkono wake wa kulia uliokuwa ukizungusha kizibo cha soda, ukucha wa dole gumba umepasuka katikati, na kamera haikuwa hapo. Ilikuwa usoni.

Podikasti huishi kwa kile isichoonyesha. Msikilizaji anajenga hema lake mwenyewe, anampa mgumu sura ya mjomba wake, anaweka baridi anayoijua yeye. Ukileta picha, vyote hivyo unavibomoa, na inabidi uwe na kitu cha kumlipa. Waliokulia kwenye redio wanalijua hili bila kufundishwa. Mchezo wa Twende na Wakati ulipoanza kuruka Radio Tanzania mwaka 1993, dereva wa lori aliyeitwa Mkwaju alikuwa na sura tofauti kila nyumba. Marekani walikutana na jambo hilo mapema zaidi: mchezo wa redio Gunsmoke ulioanza mwaka 1952 ulibebwa na sauti nzito ya William Conrad, lakini ulipohamia televisheni mwaka 1955 nafasi yake ilikwenda kwa James Arness, mrefu sana, kwa kuwa Conrad alikuwa mtu wa mwili na hakufanana na shujaa waliyemtaka kwenye skrini. Kipindi hicho cha televisheni kilidumu hadi mwaka 1975. Sauti na mwili ni vitu viwili, na anayehamisha kazi kutoka redioni lazima aamue atabaki na kipi.

Kwa hiyo ninapolinganisha maumbo haya, urembo wa picha huwa siutangulizi. Natanguliza jambo moja: umbo hili litafichua nini ambacho sauti ilikificha, na kufichuliwa huko kutaisaidia hadithi au kutaiua?

Meza na kamera

Hili halina maneno mengi. Kama podikasti yako ni maongezi, watu wawili au watatu wanaocheka, wanaobishana, wanaohoji wageni, weka kamera mezani na uendelee. Kituo cha televisheni cha Marekani, HBO, kilifanya hivyo mwaka 2018 kwa podikasti za Pod Save America na 2 Dope Queens, zote zikiwa za jukwaani mbele ya watazamaji, kila moja kwa vipindi vinne mwaka huo. Comedy Bang! Bang! nayo ilitoka kwenye podikasti ikakaa televisheni kuanzia 2012 hadi 2016. Zote ni kazi ambazo raha yake ni watu kukutana, na watu wakikutana uso una kazi ya kufanya: jicho linalokonyezwa, kicheko kinachozuiwa, mgeni anayemtazama mwenyeji kabla ya kujibu.

Ushauri wa fundi ni mmoja tu. Anza leo kurekodi sauti yako kwa kilohezi 48 (48 kHz kwenye mipangilio ya kinasa sauti), maana ndicho kipimo cha video. Wengi wa podikasti tunarekodi kwa 44.1, na ingawa kubadilisha kunawezekana, mkirekodi kamera na maiki kwa vipimo tofauti mnajitafutia midomo isiyokwenda na maneno. Nimekesha usiku mzima nikivuta sauti ya dakika hamsini kipande kwa kipande kwa ajili ya kosa hilo.

Ila kama podikasti yako inasimulia, meza haikufai. Msimuliaji aliyekaa kitini akisoma hadithi nzuri anamfanya mtazamaji ashike simu.

Makala na tamthilia: hadithi moja kwa maumbo mawili

Hapa ndipo penye kazi, na bahati nzuri wenzetu wametuachia mifano ambayo hadithi ileile imefanywa kwa maumbo yote mawili, hivyo tunaweza kuiweka upande kwa upande.

Chukua kisa cha Elizabeth Holmes, mwanamke wa Marekani aliyedai kampuni yake inaweza kupima magonjwa mengi kwa matone machache ya damu. Mwaka 2019 ABC News walitoa podikasti ya The Dropout. Mwaka huohuo HBO wakarusha makala ya Alex Gibney juu ya kisa hichohicho. Mwaka 2022 Hulu wakatoa tamthilia ya sehemu nane iliyotokana na podikasti ile, na Amanda Seyfried aliyeigiza kama Holmes akapata tuzo ya Emmy.

Sasa sikiliza tofauti. Holmes alijulikana kwa sauti nzito isiyo ya kawaida. Podikasti ilikuwa na kanda za mahojiano ya kiapo, unamsikia mwenyewe akijibu mawakili, na hilo peke yake linatosha kukusimamisha. Makala inakupa uso wake halisi, yale macho yasiyopepesa, lakini haiwezi kuingia chumbani kwake. Tamthilia ndiyo inayoweza. Inamweka mbele ya kioo akijifunza kuishusha sauti, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Hakuna kamera iliyokuwapo pale. Waandishi wamekisia tu, na ukisio huo unakuonyesha mtu akijitengeneza. Podikasti ilikupa sauti, tamthilia ikakupa jinsi sauti ilivyozaliwa. Hapo mtazamaji amelipwa.

Mfano mwingine ni Dr. Death, podikasti ya Wondery ya mwaka 2018 kuhusu Christopher Duntsch, daktari wa upasuaji wa Texas aliyewaumiza wagonjwa wake. Peacock walitoa tamthilia mwaka 2021, kisha makala ya kisa hichohicho mwaka huohuo. Kwenye tamthilia unakaa na daktari na unaanza kujiuliza mtu anafikaje huko. Kwenye makala unakaa na waliopona, wengine wakitembea kwa shida, na swali la daktari alikuwa mtu gani linapungua uzito. Kwangu mimi makala ina haki zaidi kwa walioumizwa, na tamthilia inamtafuta zaidi aliyeumiza. Ukichagua umbo umechagua pia utakaa upande wa nani.

Serial nayo ina la kufundisha. Podikasti hiyo ya mwaka 2014, sehemu kumi na mbili, ilikuwa na nguvu mbili: simu za Adnan Syed, aliyefungwa kwa mauaji ya msichana, kutoka gerezani, na mashaka ya msimuliaji mwenyewe, Sarah Koenig, anayebadili mawazo wiki hadi wiki huku wewe ukimsikia. Mwaka 2019 HBO walitoa makala ya sehemu nne iliyoongozwa na Amy Berg juu ya kesi ileile. Makala haikujaribu kuleta mashaka ya Koenig. Ilimrudia Hae Min Lee, binti aliyeuawa, na maneno ya shajara yake ikayachora kwa katuni. Kwenye podikasti Hae alikuwa jina linalotajwa. Kwenye makala alipata nafasi ya kuwa mtu. Hiyo ndiyo kazi ambayo sauti ilikuwa haijaifanya, na ndiyo iliyostahili kufanywa.

Upo na mfano wa kuharibika. StartUp ya mwaka 2014 ilikuwa podikasti ya Alex Blumberg akijirekodi anavyoanzisha kampuni, pamoja na kikao ambacho anajikanyaga mbele ya mwekezaji. Unasikia aibu ya kweli ya mtu wa kweli. ABC waliigeuza kuwa Alex, Inc., kichekesho cha familia kilichotoka mwaka 2018 na kuishia sehemu kumi. Walichukua kisa wakaacha kile kilichokishikilia: kwamba jamaa hakujua kama atafanikiwa, nasi hatukujua. Ukiandika skripti ya aibu ambayo mwandishi anajua mwisho wake, ile hofu inayeyuka.

Kwa nini Arusha wachukue makala

Podikasti ya dada wa Arusha inatembea. Sehemu moja wako mbele ya Boma la Wajerumani la mwaka 1900, ambalo leo ni makumbusho ya historia ya asili. Nyingine wako Kaloleni, kwenye ukumbi ambako Azimio la Arusha lilipitishwa mwaka 1967, nao umekuwa makumbusho. Wanafika AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, ambako mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hadi mwisho wa mwaka 2015, wanafika stesheni ya reli ambako treni ya abiria ilirudi mwaka 2020 baada ya miaka mingi ya ukimya. Njiani wanasimamisha wazee na kuwauliza palikuwaje.

Hadithi yao yote bado imesimama pale mjini. Kuta zipo. Wazee wapo, ingawa kila mwaka wanapungua, na hii ndiyo hoja yangu kubwa kwao: mzee aliyekuwapo Kaloleni mwaka 1967 hawezi kusubiri hadi mpate pesa ya tamthilia. Tamthilia ingewadai magari ya zamani, mavazi ya zamani, mitaa isiyo na nguzo za simu wala bajaji, na mbaya zaidi ingewalazimisha kuwatungia maneno viongozi ambao hotuba zao za kweli zimehifadhiwa na zinajulikana. Sauti hapa haikuficha siri ya mtu. Imeficha mahali, na mahali panafichuliwa kwa kwenda na kamera.

Isipokuwa wajue gharama ambayo podikasti haikuwahi kuwadai. Kwenye sehemu ya tano mmoja wao ameshika picha ya zamani ya Mnara wa Saa na anaieleza: barabara ya vumbi, baiskeli mbili, mwanamume mwenye kofia. Kuieleza picha kwa maneno yako ni bure. Kuionyesha kwenye televisheni ni kutumia kazi ya mtu, na mwenye picha anaweza kudai malipo au akakataa kabisa. Niliwaambia waorodheshe kila picha, kila hotuba na kila wimbo uliotajwa kwenye podikasti, kisha waandike nani anamiliki. Orodha ilifika arobaini na kitu, na walinyamaza kidogo.

La pili ni skripti. Nusu ya maneno yao yataondoka. Podikasti inasema, “Tumesimama mbele ya Boma, kuta nyeupe, nyuma yetu bustani.” Kwenye picha kuta zinajisema. Wengi wanaotoka kwenye sauti hushindwa kunyamaza, wakamsimulia mtazamaji anachokiona, na mtazamaji anahisi anafanywa mtoto. Dada mdogo aliniuliza, “Sasa kaka, sisi tutabaki na nini?” Nikamwambia mtabaki na maswali. Maswali yenu kwa wazee ndiyo podikasti yenyewe. Shikamoo ile ya kwanza, mzee anapouliza “nyie watoto wa nani?”, na mkajibu, na akajua babu yenu, akafunguka. Hiyo msiikate hata siku moja.

Kwa nini Moshi wachukue tamthilia

Vijana wa Moshi walinibishia sana, na nawaelewa. Una mlima mrefu kuliko yote Afrika, mita 5,895, uko dirishani kwako asubuhi, halafu mtu anakwambia usiupige picha?

Jambo la kwanza lililonibadilisha ni maneno ya yule mgumu wa Barafu. Baada ya jaribio la mezani aliwaambia hivi: “Mimi kusikika niko tayari. Kuonekana hapana. Wenye kampuni wakiniona nimekwisha.” Anapata kazi kwa kuitwa, safari kwa safari. Uso wake ukionekana akizungumzia ujira uliocheleweshwa na hema lililokuwa likivuja, simu haitalia tena. Kati ya wagumu kumi na wawili waliosikika kwenye podikasti, tisa walisema vivyo hivyo. Ridhaa ya sauti si ridhaa ya picha, na kundi linalotaka makala bila nyuso za wahusika wake halina makala. Kuziba nyuso kwa ukungu sehemu nane mfululizo kunawafanya watu waliofanya kazi halali waonekane kama watuhumiwa.

La pili, mlima umeshapigwa picha mpaka basi. Kile ambacho podikasti yao ilileta, ambacho sikuwa nimekisikia kwingine, ni nyumbani. Mke anayejua bei ya unga itapanda kabla mume hajateremka. Duka la mkopo kwenye mtaa wa Pasua, Moshi, daftari limefunguliwa kwenye jina lake. Alfajiri getini Machame, wanaume wamejikunyata wakisubiri kujua nani ataitwa, na mizani ya kupimia mizigo isizidi kilo 20. Lango la Mweka la kuteremkia, siku ya mwisho, mgao wa tipu, na mtu anayehesabu mara mbili kwa sababu hesabu ya kwanza hakuiamini. Haya makala ingeyakosa, maana daftari la deni hakuna anayelifungua mbele ya kamera. Tamthilia inalifungua.

Na tamthilia haiwadai kupanda. Kupiga filamu ndani ya hifadhi kunahitaji kibali na malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na juu kule baridi inamaliza betri kabla hujapata picha ya pili. Niliwatolea mfano wa Homecoming. Ilianza mwaka 2016 kama podikasti ya kuigiza iliyojengwa karibu yote kwa simu na mazungumzo yaliyorekodiwa. Mwaka 2018 Amazon waliigeuza tamthilia, Julia Roberts akiwa mhusika mkuu, na skripti ilibaki mikononi mwa waandishi walewale, Eli Horowitz na Micah Bloomberg. Mwongozaji Sam Esmail hakuikimbia ile hali ya kusikia bila kuona. Alitafuta kitu kinachofanana nayo kwenye picha: sehemu za wakati wa baadaye, ambako mhusika hakumbuki yaliyotokea, zimewekwa kwenye fremu ya mraba, imebanwa kushoto na kulia, mpaka unahisi kuna kitu umenyimwa. Na sehemu zilibaki za nusu saa hivi, bila kuvutwa zifike saa nzima.

Vijana wanaweza kufanya la kwao kwa njia hiyo hiyo. Mlima ubaki kwenye simu. Mke yuko jikoni Pasua, simu kwenye sikio, mtandao unakatika, tunasikia upepo wa Barafu na zipu ya hema, ile ile niliyonayo kwenye faili, na hatuoni chochote zaidi ya uso wake anaposubiri mume aseme jina. Zile sekunde sita zinapata uso, lakini uso wa anayesikiliza. Ikibidi kuingia hemani, hema moja kwenye uwanja wa nyumba, usiku, taa moja, na mtu wa kutikisa turubai. Nimefanya kazi kwenye maigizo ya kanisani yaliyokuwa na vifaa vichache kuliko hivyo.

Kwa hesabu, ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja ya picha. Sehemu ya dakika 25 ni kurasa 25. Podikasti yao ina sehemu kumi, ila nyingine zinarudia jambo moja kwa mtu tofauti. Ukizichuja unabaki na hadithi sita zenye mwili. Msimu wa sehemu 13 ungejaza robo mwaka ukiruka mara moja kwa wiki, na ndio maana vituo vingi huupenda, lakini nawasihi wasijaze maji. Sita zilizokaza kisha watafute pa kuzirusha.

Hatari ya tamthilia ni moja na ni kubwa. Kubadili jina hakutoshi kumficha mtu. Kama mwezi ule ni mgumu mmoja tu aliyeshushwa kwa machela kutoka kambi ile, Moshi nzima itamjua hata ukimwita jina gani. Badili njia, badili msimu, changanya watu watatu wawe mhusika mmoja, halafu wasomee skripti wenyewe kabla ya kamera kuwaka. Wakisema “hapa ni mimi huyu,” badili tena.

Katuni, kwa walio katikati

Kuna njia ambayo watu huisahau: kuiacha sauti ilivyo na kuchora juu yake. The Ricky Gervais Show ya HBO, 2010 hadi 2012, ilichukua rekodi za podikasti yenyewe na kuzipa wahusika wa katuni. Hakuna aliyerudia neno. Kwa podikasti yenye sauti halisi zisizoweza kurudiwa, na wenye sauti wasiotaka kuonekana, hili ni jibu safi. Kama vijana wa Moshi wangekuwa na mchoraji badala ya mwandishi, ningewaambia wachukue hili na si tamthilia. Na asikwambie mtu kwamba katuni haziwezekani kwetu: Ubongo Kids inatengenezwa Dar es Salaam na imekuwa televisheni tangu mwaka 2014.

Udhaifu wake ni muda. Sekunde moja ya katuni nzuri ni siku za mtu. Anza na dakika tatu, kisa kimoja, uone kama mchoraji wako bado anapokea simu zako mwezi ukiisha.

Karatasi, kabla ya kamera

Umbo lolote utakalochagua, haya hayakwepeki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya kuigeuza kazi kuwa umbo lingine ni ya mwenye kazi. Je, mwenye kazi ni nani kwenye kundi lenu? Aliyebuni, anayesimulia, au aliyenunua maiki? Andikeni mkiwa bado mnapendana. Sajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Filamu na michezo ya kuigiza inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu kwa sheria ya mwaka 1976, na mkitaka kuirusha mtandaoni angalieni kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za maudhui ya mtandaoni zinawadai nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inawahusu mkiwa na majina, simu na visa vya watu kwenye daftari lenu.

Na mkataba usomeni hadi mwisho. Miaka michache nyuma nilisaini karatasi ya kurasa mbili na kituo kimoja kwa kipindi cha redio nilichokibuni mimi. Kulikuwa na mstari mmoja unaosema haki zote, kwa umbo lolote, bila kikomo cha muda. Kipindi hakikurushwa hata mara moja, na mpaka leo siwezi kukitumia. Ombeni muda maalumu, mwaka mmoja au miwili, na wasipoitengeneza irudi kwenu. Mtu mwenye nia ya kuitengeneza hataogopa sharti hilo.

Jumamosi hii dada wa Arusha wanakwenda Kaloleni na kamera moja ya kukodi, kumrekodi mzee mmoja kabla hajasafiri kwenda kwa mwanawe Babati. Vijana wa Moshi wameandika kurasa saba za kwanza. Jikoni, usiku, simu inaita. Wameniomba ile faili ya zipu, nami nimewatumia bila kuigusa, pamoja na ukimya wake.